Kufuma shali la kimia la duara, kuanzia vitanzi tisa

Ukilitazama shali la duara lililowambwa vizuri, matundu yakianzia katikati kama jicho na kutanuka hadi kwenye meno ya ukingo, unadhani aliyelifuma alikuwa na daftari la hesabu pembeni. Hakuwa nalo. Shali zima, hata likizidi mita moja kutoka upande hadi upande, lina mizunguko sita tu ya kuongeza vitanzi. Mizunguko mingine yote ni kufuma na kuendelea kufuma, na humo ndani unatia pambo ukitaka, au hutii.

Utaratibu huu ulienezwa miaka ya 1970 na Elizabeth Zimmermann, mfumaji aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kuishi Marekani. Aliliita shali lake kwa jina la pai, ile ya darasani, kwa sababu msingi wake ni kanuni ya duara: nusukipenyo ikizidi mara mbili, mzingo nao unazidi mara mbili. Kwa hiyo huna haja ya kuongeza vitanzi kila baada ya mzunguko mmoja au miwili. Fuma mpaka umbali kutoka katikati uwe mara mbili ya ulipokuwa, kisha ongeza vitanzi vyote kwa mpigo mmoja viwe mara mbili. Wavuvi wa pwani wenye kimia cha kurusha wanaijua kazi ya aina hii kwa mikono: wavu unaanzia kileleni kwa macho machache na kuongezwa kadiri unavyoshuka. Si ajabu neno ni lilelile, kimia cha samaki na kimia cha kitambaa.

Mwongozo huu ni kwa anayejua tayari kufuma kwa sindano mbili, yule aliyewahi kumaliza walau skafu au sweta la mtoto.

Uzi na sindano

Tafuta uzi mwembamba. Soma karatasi iliyozungushiwa bonge: gramu 100 ziwe na urefu wa mita 400 hivi. Uzi wa kawaida wa sweta, ule wenye mita 200 kwa gramu 100, unafumika pia kwa sindano nene zaidi, ila shali litakuwa zito na matundu hayatapumua.

Sufu ndiyo bora, nami sitazunguka hapo. Sufu ikilowa inanyumbulika, ikikauka inashika umbo ulilolipa. Pamba inafaa kwa walioko Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambao shali kwao ni la kutupia begani jioni, lakini pamba ni nzito na inalegea kadiri siku zinavyokwenda. Akriliki, ambayo ndiyo imejaa madukani, ni rahisi na haiwashi, na inapendwa kwa vitu vya watoto kwa kuwa inafulika kila siku. Tatizo lake ni kwamba ukiilowesha na kuiwamba, ikikauka inarudi ilivyokuwa. Dawa yake ipo, tutaifikia mwishoni.

Chagua rangi moja, na iwe ya kung'aa kidogo au nyepesi. Uzi wenye rangi mchanganyiko unavutia dukani, lakini unameza matundu yote. Utafuma kimia mwezi mzima na mtu atakuuliza mbona umefuma kitambaa chenye madoa. Nyeusi nayo iache mpaka uzoee, maana usiku vitanzi vyake havionekani.

Sindano ziwe za milimita 4. Wengi wetu tulijifunzia kwenye spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe, na sweta zilitoka. Lakini spoki ina unene wa milimita 2 hivi, na kwa kimia hiyo ni nyembamba mno: kitambaa kitabana kama soksi. Kwenye kimia, uzi mwembamba unakaa kwenye sindano ambayo macho ya kawaida yanaiona nene kupita kiasi.

Utahitaji sindano ya mduara, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, na waya wake uwe na sentimita 100. Kwa mwanzo mdogo wa katikati, wengine hutumia seti ya sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili. Usipozipata, hiyo ya waya mrefu inatosha peke yake: unagawa vitanzi nusu kwa nusu, unavuta kitanzi cha waya kitokeze katikati yao, unafuma nusu ya kwanza, unauvuta waya tena, unafuma nusu ya pili. Mizunguko mitano ya kwanza inachosha, baada ya hapo mkono unazoea.

Vingine ni vidogo: sindano ya kroshia, ile yenye ndoano ya kufumia vitambaa vya makochi, sindano butu yenye tundu kubwa, vipete vya kuwekea alama (vipande vya uzi wa rangi nyingine vilivyofungwa duara vinafanya kazi ileile), uzi laini wa pamba wa kushonea, mita kadhaa, na pini zisizoshika kutu, zisipungue hamsini.

Kuhusu kiasi cha uzi: shali la mtoto mchanga, la sentimita 80 hadi 90, linahitaji mita 450 hivi. La mtu mzima, la mita moja na robo, tenga mita 900. Nunua yote siku moja na uangalie namba ya kundi la rangi kwenye karatasi zote, kwa maana nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao si ndugu.

Mishono inayotosha

Kwa kuwa tunafuma kwa kuzunguka, upande wa mbele wa kitambaa unatutazama muda wote. Hakuna kugeuza, na karibu hakuna kufuma kinyume. Nitaandika kwa vifupisho hivi:

K – kitanzi cha kawaida.

T – tundu. Leta uzi mbele, kati ya sindano mbili, upitishe juu ya sindano ya kulia, kisha fuma kinachofuata. Umeongeza kitanzi kimoja na kuacha tundu chini yake.

KL – vitanzi viwili vifumwe pamoja. Kinacholala juu kinaelekea kulia.

KS – viwili pamoja, lakini kuelekea kushoto. Hamishia kitanzi kimoja sindano ya kulia kana kwamba unakifuma, halafu cha pili vivyo hivyo. Ingiza ncha ya sindano ya kushoto kwa mbele ya vyote viwili, uvifume pamoja.

3M – vitatu kuwa kimoja. Hamisha viwili kwa pamoja kana kwamba utavifuma pamoja, fuma cha tatu, kisha vitoe vile viwili juu ya hicho kimoja. Kitanzi cha kati kinabaki kimesimama wima mbele, kama uti wa jani.

Siri nzima ya kimia iko katika uhusiano wa hayo: kila T inaongeza kimoja, kila KL au KS inapunguza kimoja, na 3M inapunguza viwili. Kwenye mizunguko ya pambo, idadi ya T lazima ilingane na idadi ya vilivyopunguzwa. Kwenye mizunguko sita ya kuongeza, T zipo bila upunguzaji wowote.

Kuanzia katikati

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, nami sitaki kupapita haraka. Vitanzi tisa kwenye duara dogo kuliko sarafu vinateleza, vinajipinda, na sindano zinagongana kama vijiti vya ngoma.

Zungusha uzi kidoleni ufanye duara lisilofungwa, mkia wa sentimita 15 ukining'inia. Ingiza sindano ya kroshia ndani ya duara, shika uzi wa bonge, uvute utoke mbele. Sasa una kitanzi kimoja kwenye ndoano. Ukiwa nje ya duara, shika uzi tena na uuvute kupitia kitanzi hicho. Hicho ndicho kitanzi chako cha kwanza, kiache kwenye ndoano. Rudi ndani ya duara, vuta, toka nje, vuta. Endelea mpaka viwe tisa. Vihamishie kwenye sindano tatu, vitatu kila moja, au kwenye sindano ya waya, vinne upande mmoja na vitano upande wa pili. Usivute mkia bado. Fuma kwanza mizunguko kadhaa, halafu ndipo uvute mkia na katikati itajifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba.

Weka alama mwanzo wa mzunguko. Mkia wenyewe unakusaidia: mahali unapoanzia pako karibu nao.

Kituko cha kujua mapema: T iliyo mwanzoni au mwishoni mwa sindano hupenda kudondoka unapobadilisha sindano, nawe hutajua. Kabla ya kuhama, gusa kwa kidole gumba uhakikishe uzi umelala juu ya sindano.

Hesabu ya kuzidisha

Mzunguko wa kuongeza ni mmoja, haubadiliki: T, K, T, K, mpaka mwisho. Vitanzi vinakuwa mara mbili. Mpangilio ni huu:

Anza na 9, fuma mzunguko 1 wa kawaida.
Ongeza viwe 18, fuma mizunguko 3.
Ongeza viwe 36, fuma mizunguko 6.
Ongeza viwe 72, fuma mizunguko 12.
Ongeza viwe 144, fuma mizunguko 24.
Ongeza viwe 288, fuma mizunguko 48.
Ongeza viwe 576, fuma kadiri uzi na subira vinavyoruhusu.

Shali la mtoto linaishia kwenye 288, baada ya mizunguko yote 48, kisha ukingo. La mtu mzima linaingia 576 na kufuma mizunguko 30 hadi 40 zaidi.

Hesabu vitanzi kila baada ya mzunguko wa kuongeza, na usijidanganye kwa kukadiria. Ukifika 144 weka kipete kila baada ya vitanzi 18, ili kosa likitokea ulitafute ndani ya 18 badala ya 288. Nilipoanza nilikuwa mvivu wa vipete. Usiku mmoja nikafika mwisho wa mzunguko nikiwa na 287, na kile kimoja kilichopotea kilinichukua saa nzima kukitafuta, nikipiga vidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu kunde za mbegu.

Kazi itaonekana mbaya. Nasema mapema usije ukafumua bure. Mara baada ya kuongeza, kitambaa kitajikunja kama pindo la gauni. Kabla ya kuongeza tena, kitabana na kutengeneza bakuli. Hiyo ni kawaida ya mtindo huu, kwa sababu vitanzi vinaongezeka kwa ngazi wakati duara linakua polepole. Kimia kina mnyumbuko wa kutosha kusawazisha tofauti hiyo siku ya kuwamba.

Na hapa kuna faida ambayo wachache wanaitumia. Ukimaliza ile mizunguko 24 ya vitanzi 144, pima kwenye mizani ya jikoni uzi uliobaki. Mpaka hapo umefuma takriban vitanzi 4,900. Hatua ya 288 peke yake ni zaidi ya 14,000, na ukingo wa meno nitakaoueleza ni kama 4,600. Maana yake ni kwamba ulichotumia kufikia hapo ni kama sehemu moja ya tano ya shali la mtoto. Umetumia gramu 20? Utahitaji 80 zaidi. Ukiona hazitoshi, ni heri kujua sasa kuliko meno kumi kabla ya mwisho. Hesabu hiyohiyo inakuandaa kwa jambo jingine: hatua ya mizunguko 24 ukiimaliza ndani ya siku tatu, usimwahidi mtu kwamba utakabidhi wiki hiyo. Mbele kuna mlima.

Pambo: tia au acha

Shali lisilo na pambo lolote, lenye pete sita tu za matundu kutoka kwenye mizunguko ya kuongeza, ni zuri sana. Kwa mara ya kwanza ningependekeza hilo. Mikono ikishajua njia unaweza kufuma huku unaongea, hata umeme ukikatika. Nimefuma hatua nzima ya mizunguko 12 gizani, kwa kugusa, wakati wa mgao.

Ukitaka pambo, namba hizi zimekaa vizuri. 36, 72, 144, 288 na 576 zote zinagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 9, 12 na 18. Pambo lolote lenye upana wa mojawapo ya hizo litaingia bila salio. La 8 linaingia kuanzia 72. La 5, la 7 au la 10 litakusumbua, liache. Kwa urefu, mizunguko 12, 24 na 48 inapokea mapambo ya mizunguko 2, 4, 6 au 12.

La kwanza ni *wavu*, rahisi kuliko yote. Mzunguko wa 1: T, KL, rudia hadi mwisho. Mzunguko wa 2: K zote. Pete moja ya wavu kati ya mizunguko ya kawaida inapendeza. Hatua nzima ya wavu inalegea mno, na vidole vya mtoto vitanasa humo.

La pili ni *vishale*, vitanzi 6, mizunguko 4:
Wa 1: K, T, KS, K, KL, T, rudia.
Wa 2: K zote.
Wa 3: K, K, T, 3M, T, K, rudia.
Wa 4: K zote.

La tatu ni *mawimbi*, vitanzi 18, mizunguko 4. Hili ni la zamani, na limehusishwa sana na wafumaji wa visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, ambao kwenye kisiwa cha Unst walifuma mashali mepesi kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa.
Wa 1: K zote.
Wa 2: K zote.
Wa 3: KL mara 3, kisha (T, K) mara 6, kisha KL mara 3, rudia.
Wa 4: fuma kinyume vitanzi vyote.
Huo mzunguko wa nne ndio wa pekee unaofumwa kinyume, na unaacha mstari ulioinuka unaoonyesha wimbi.

Mpangilio ninaoupenda: mpaka hatua ya 72 usitie chochote, hatua ya 144 tia vishale mara 6, hatua ya 288 tia mawimbi mara 12. Macho yanapata mahali pa kupumzika katikati, na pambo kubwa linakaa penye nafasi. Anayejaza kila mzunguko kuanzia kitanzi cha tisa hupata kitu chenye kelele.

Kabla ya kuingia pambo lolote, tia uzi wa uokozi. Chukua sindano butu yenye uzi wa pamba, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, ukiviruka vipete, uache mikia mirefu. Endelea kufuma kama kawaida. Ukiharibu huko mbele, chomoa sindano bila hofu, vuta uzi ufumuke, utasimama hapo penye pamba na vitanzi vyote vipo. Bila huo, kimia kikifumuka hakijui pa kusimama, maana kila tundu linafungua jingine. Tia mwingine kila baada ya mizunguko 8 hadi 12.

Tundu ulilosahau halihitaji kufumua. Ukiligundua mzunguko unaofuata, inua kwa sindano ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, uufume kama kitanzi. Tundu litakuwa dogo kuliko wenzake, na mtu pekee atakayeliona ni wewe.

Vifundo na shanga

Haya ni ya hiari ndani ya hiari.

Kifundo kimetoka Estonia, kwenye mji wa Haapsalu ulio pwani, unaojulikana kwa mashali yake. Ni kijipunje kilichovimba kama maharage madogo juu ya kitambaa. Ndani ya kitanzi kimoja fuma K, T, K, T, K, vipate kuwa vitano, kabla ya kukitoa sindanoni. Mzunguko unaofuata vifume vyote vitano pamoja viwe kimoja. Ugumu uko kwenye huo mzunguko wa pili: ukiwa umebana, sindano haiingii. Vile vitano vifume ovyo, vilegee, urefu wa sentimita moja hivi. Vikikataa bado, ingiza sindano ya kroshia, ushike uzi na kuuvuta kupitia vyote. Mahali pake ni pale penye K kwenye vishale, kile cha kwanza katika mzunguko wa 1, kati ya kishale na kishale. Usivitie kila mahali. Vinakula uzi, na hesabu ya mizani niliyokupa hapo juu itavurugika.

Shanga hazivalishwi kwenye uzi kabla ya kuanza, hilo ni kosa la kuchosha: utakuwa unasukuma mamia ya shanga mita kwa mita. Zivalishe moja moja ukifika mahali pake. Tia ushanga kwenye sindano nyembamba kabisa ya kroshia, kitoe kitanzi sindanoni kwa ndoano hiyo, teremsha ushanga ushuke juu ya kitanzi, rudisha kitanzi kwenye sindano ya kushoto, kifume. Tundu la ushanga ndilo linaloamua. Uwe na upana wa milimita 3 au 4. Zile ndogo za mikufu mara nyingi hazipitishi ndoano na uzi pamoja, basi jaribu na moja dukani kabla hujanunua pakiti.

Shali la mtoto lisitiwe ushanga hata mmoja. Kitu cha kwanza mtoto anachofanya na shali ni kulitia mdomoni.

Ukingo

Shali langu la kwanza nililifuma kwa ajili ya shangazi yangu, Njombe, baridi ya mwezi wa Julai ikikaribia. Katikati palitoka vizuri. Mwisho nikafunga vitanzi 288 kama ninavyofunga sweta, kwa mkono uliokaza, nikijisifu kwa mstari ulionyooka. Nilipoliwamba, ukingo ulikataa kutanuka. Katikati ikavimba juu, pembeni kumebana. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaniangalia. "Mwanangu, hili nilivae, au ndilo kawa la kufunikia wali?"

Ukingo wa shali la duara lazima uwe mlegevu kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Njia fupi: chukua sindano nene zaidi, ya milimita 5 au 5.5. Fuma viwili pamoja kwa kuingilia nyuma, rudisha kitanzi kilichopatikana kwenye sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja kwa nyuma, hivyo hivyo hadi mwisho. Mstari huo unanyumbuka.

Njia ndefu, na ndiyo nzuri, ni meno. Hapa unafuma utepe mwembamba unaotembea kandokando ya shali ukimeza vitanzi kimoja kimoja. Kwenye sindano ya kushoto, mbele ya vitanzi vya shali, anzisha vitanzi vipya 5.

Mstari wa kwenda ndani: fuma K mpaka kibaki kitanzi kimoja cha utepe, hicho kifume pamoja na kitanzi kimoja cha shali, kwa kuingilia nyuma. Geuza.
Mstari wa kutoka nje: hamisha kimoja bila kukifuma, K mpaka vibaki viwili, T, K, K. Geuza.

Kila safari ya ndani na nje inameza kitanzi kimoja cha shali na kuongeza kimoja cha utepe. Fanya safari 6; utepe utakuwa na vitanzi 11. Sasa, mwanzo wa mstari wa kwenda ndani unaofuata, funga vitanzi 6 kwa ulegevu, vibaki 5, kisha endelea mstari huohuo kama kawaida mpaka kwenye kitanzi cha shali. Jino moja limekamilika na la pili limeanza. Kila jino linameza vitanzi 6, kwa hiyo 288 vinatoa meno 48 kamili, na 576 vinatoa 96. Jino la mwisho likiisha, shona vitanzi 5 vilivyobaki kwenye mwanzo wa utepe.

Kazi hii ni ndefu, ila unageuza kila baada ya vitanzi vichache, kwa hiyo inafaa safarini. Jino moja linatoka kati ya kituo na kituo.

Kuwamba

Shali likitoka sindanoni linafanana na dekio la jikoni. Usimwonyeshe mtu.

Lilowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, nusu saa, bila kulisugua. Sufu ikisuguliwa kwenye maji moto inashikana na kuwa blanketi. Suuza kwa maji yenye uvuguvugu uleule. Linyanyue kwa viganja viwili kutoka chini, usilishike ncha moja likaning'inia, na usilikamue kwa kulisokota. Lilaze juu ya taulo, viringisha kama mkeka, ukanyage juu kwa miguu mitupu.

Godoro lililotandikwa shuka safi ndilo meza bora. Chomeka pini katikati, funga uzi wa urefu unaotaka, sema sentimita 43, na kwa ncha yake zungusha alama za duara kwenye shuka. Sasa uwambe kama ngozi ya ngoma, pande zinazokabiliana kwanza: pini kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Kisha katikati ya hizo, ziwe 8, halafu 16. Mwisho kila jino lipate pini yake kwenye ncha. Vuta mpaka matundu yafunguke na mistari ya 3M inyooke kuelekea katikati. Utaogopa kwamba utalichana. Sufu inastahimili kuliko unavyofikiri.

Kama uzi ni akriliki, liwambe hivyohivyo likiwa kavu, kisha pasi yenye mvuke ipite juu yake kwa umbali wa sentimita 3, bila kugusa hata mara moja. Mvuke utalegeza nyuzi na zitabaki hapo. Ukigusa, akriliki inayeyuka, na hilo halina dawa.

Liache likauke kabisa chumbani, mbali na jua kali. Njombe wakati wa kiangazi ni siku moja. Pwani wakati wa masika hesabu mbili, na mtu wa nyumbani aambiwe mapema kwamba leo kitanda kina mgeni.

Mikia ya uzi ifiche kwa sindano butu kabla ya kulowesha, ukifuata njia ya vitanzi kwa sentimita 5 au zaidi, lakini usiikate. Kuwamba kunaivuta. Ukishachomoa pini zote na shali kutulia, ndipo uchukue mkasi.